Sehemu Waliyoikata

"Usiniguse."

Mama mjamzito alikuwa kitandani leba, wodi ya kujifungulia, uchungu umemshika, jasho linamtiririka, na mkono wangu ameusukuma kama nimeshika kisu...

Mimi ni mkunga, jamani. Miaka kumi na minne.

Mama mkwe wake akanionyesha simu. Nikajiona mwenyewe, na sare yangu, natoka mlango wa nyuma wa wodi na kichanga kifuani.

"Si wewe huyu?"

Ni mimi. Ila ilikuwa filamu.

Ngoja niwaeleze. Mdogo wangu, tumbo moja, anatengeneza filamu. Aliniomba nicheze muuguzi kwenye hadithi ya watoto wanaoibwa hospitalini, kwa sababu waigizaji wake wote, alisema, wanabeba mtoto kama tikiti maji. Nikampa siku mbili za likizo yangu.

Kwenye hadithi ile muuguzi haibi mtu. Anamtorosha mtoto ili amrudishe kwa mama yake, kisha mbele ya watu anamtaja daktari mkuu aliyetaka kumuuza. Ndiyo sehemu ya mwisho.

Lakini nani angejua? Trela, kile kionjo cha filamu, ilionyesha mlango wa nyuma tu.

Filamu ilikuwa itoke mtandaoni Ijumaa. Haikutoka. Wasambazaji wa filamu wakasema mwisho wa mwezi. Kimya. Kisha wakaandika "tutawatangazia", na hapo ndipo moto ukawaka.

Wengine wakasema wakubwa wameogopa. Wengine wakasema ni kiki tu, tunatafuta umaarufu. Wauguzi wenzangu wakasema tumedhalilishwa. Filamu hawajaiona hata dakika tatu, lakini matusi yanamwagika! Kuna mmoja aliikuza sura yangu, akaandika chini yake "mwizi wa watoto". Watu elfu tisa wakaisambaza.

Nilitaka kuueleza mwisho wake. Mdogo wangu akanisihi nisiufichue, nitaiua kazi yake ya miaka mitatu.

"Vumilia, dada. Ikitoka, yenyewe itakusemea."

Nikavumilia. Wiki ya tatu tangu moto uwake, matroni, mkuu wetu wa wauguzi, akanitoa leba, kwa upole, akanipeleka chumba cha mafaili mpaka mambo yatulie. Nikawa nashinda naandika majina ya watoto ambao sikuwapokea mimi.

Wiki ya saba, Jumamosi asubuhi, ikatoka!

Nikawaita matroni na wenzangu wanne chumba cha chai. Nikaegemeza simu kwenye chupa ya chai. Sikuitazama filamu; nilizitazama nyuso zao, nikisubiri zibadilike...

Mwishoni nikageukia simu. Pale nikatoka na mtoto. Mlango ukafungwa. Giza. Majina yakaanza kupanda.

Nikadhani simu imekwama. Nikarudisha nyuma, mara mbili.

Matroni akasuuza kikombe chake, akatoka.

Nilimpigia mdogo wangu. Alikuwa na furaha tele, watazamaji walishafika laki moja. Nikamuuliza sehemu ya mwisho iko wapi.



"Wasambazaji waliniambia nichague, dada. Tuikate ile sehemu, au filamu nzima ife."

"Ulijua lini?"

"Wiki ya pili."

Wiki tano nzima ananipigia, ananiambia nivumilie... na anajua.

Nimeuandika ukweli huu chini ya ile filamu. Wamenijibu kwamba na mimi natafuta kiki. Yule daktari wa kwenye hadithi katoka msafi. Mwizi ni muuguzi, na muuguzi ana sura yangu. Nimeishiwa la kufanya.

Jana mdogo wangu amenitumia ujumbe. Watu wameipenda, wanaandaa sehemu ya pili. Humo muuguzi anakamatwa. Ananiomba nicheze.

Ndugu zangu mnaosoma, jambo lako liseme mwenyewe, na liseme mapema, hata kama anayekuziba mdomo ni damu yako. Mimi nilidhani tunasubiri wote wawili. Kumbe nilikuwa nasubiri peke yangu.