Kijiti Ambacho Hakikuwepo

Kila asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Chiriku alitoka nje kutazama tairi la nyuma la pikapu ya mama yake. Mama alisambaza mikate madukani, na pikapu ile kuukuu, yenye ringi za chuma zilizoshika kutu, ndiyo iliyowalisha. Jioni tairi liliachwa limejaa vizuri. Asubuhi lilikutwa limebonyea kama mto uliolaliwa. Mama alichukua pampu ya mguu, akakanyaga, akakanyaga, jasho likimtoka na mikate ikingoja.

Jina la Chiriku alipewa na majirani kwa sababu ya kusema kwake. "Mdomo wa mtoto huyu hauna breki," walimtania, naye alicheka pamoja nao.

Fundi wa matairi alikuwa amelitazama tairi hilo mara moja. Alitafuta msumari, hakuuona. Akabadilisha valvu, pale pa kujazia upepo, akafuta mikono na kusema, "Halina pancha, dada. Likiendelea kupungua, basi kuna mtu anakuchezea."

Maneno hayo yalimkaa Chiriku kichwani. Kuna mtu. Lakini nani?

Asubuhi moja alifungua mlango akamkuta Gololi amechuchumaa kando ya gurudumu lile lile. Gololi alikuwa mvulana wa nyumba ya jirani, aliyelelewa na bibi yake. Yeye na watoto wengine wawili wa mtaa walipewa lifti ya kwenda shule kwenye siti ya nyuma ya pikapu. Alipomwona Chiriku alisimama haraka. Tairi lilikuwa limelala chini.

"Mama! Njoo, nimemkamata!" Chiriku alipiga kelele.

"Umemkamata nani?" Mama alitoka na kanga begani.

"Gololi! Nimemwona akichokonoa valvu kwa kijiti!"

Kijiti hakikuwepo. Neno lilimtoka tu, na likishatoka, likakaa vizuri kana kwamba lilikuwa na nafasi yake.

"Mimi?" Gololi alisema, macho yakimtoka. "Kijiti gani?"

"Nyamaza!" Mama alisema. Alikuwa amechoka, na pampu ilikuwa ikimngoja. "Nakubeba kila siku kama mwanangu, kumbe ndiwe unayenitesa? Kuanzia leo utakwenda shule kwa miguu."

Njiani Chiriku aliwasimulia wale wawili wa siti ya nyuma, kijiti na vyote. Kabla ya kengele ya kwanza, Gololi alikuwa ameshapewa jina jipya: Bwana Upepo.

Tairi liliendelea kupungua. "Anakuja tukiwa tumelala," Chiriku alieleza, na wakati mwingine hata yeye mwenyewe aliona kama alikiona kijiti kile, chembamba, kimevunjika ncha. Mama na bibi yake Gololi, waliozoea kuombana chumvi na viberiti, sasa walipishana kimya.

Siku ya Ijumaa bibi alisimama kwenye ua.

"Mama Chiriku, sikuja kugombana," alisema. "Nimezungumza na mjomba wake. Jumapili atakuja kumchukua, akakae naye huko mbali. Mimi siwezi kuishi na majirani kwa aibu."

Mama aliinamisha kichwa. Chiriku, aliyekuwa akiosha vyombo, alihisi kikombe kikimponyoka mkononi.

Kesho yake Mama alimchukua Chiriku, wakaipeleka pikapu kwa fundi.

"Safari ile nilikuwa na haraka, dada," fundi alikiri. "Nilitazama upande wa nje tu. Leo tulitazame lote."

Alipiga jeki, akafungua gurudumu, akalijaza upepo na kulilaza chini, upande wa ndani ukitazama juu. Akamwaga maji ya sabuni pale tairi linapokutana na ringi.

"Sioni kitu," Chiriku alisema.

"Macho yako yana haraka. Subiri."

Walisubiri. Kisha, polepole, vipovu vidogo kama vichwa vya pini vilianza kuota ukingoni. Vikaongezeka, vikashikana, vikazunguka karibu nusu ya ringi kama povu la maziwa.

Fundi alilitoa tairi kwenye ringi, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chuma. Kidole kilirudi chekundu. "Kutu," alisema. "Tairi linatakiwa libane hapa. Kutu imeinua magamba, na upepo unapita katikati yake taratibu, usiku kucha. Hakuna aliyekuchezea. Nilikosea kusema vile."

Mama alimgeukia binti yake.

"Chiriku. Na kile kijiti?"

Fundi aliona uso wa mtoto ukibadilika, akamwonea huruma. "Ah, huenda naye alichokonoa kidogo. Si unajua watoto!"

Njia ilikuwa imefunguliwa. Chiriku alihitaji kuitikia kwa kichwa tu, na mambo yangekwisha. Lakini akilini alimwona Gololi akikunja nguo zake, akiziweka moja baada ya nyingine kwenye mfuko.

"Hakikuwepo, Mama."

"Unasemaje?"

"Nilimwona amechuchumaa tu. Nilikuwa na hakika ni yeye. Nikaogopa hutaniamini, nikaongeza kijiti."

Mama aliketi juu ya tairi bovu lililokuwa pale. Hakufoka, na hilo lilimuumiza Chiriku zaidi. "Nami," Mama alisema, "sikumuuliza mtoto wa watu hata swali moja."

Fundi alimpa Chiriku brashi ya waya. Alisugua ukingo wa ringi mpaka mikono ikamuuma, huku machozi yakidondoka kwenye vumbi la kutu. Alipodhani amemaliza, fundi alimwonyesha alama nyingine. "Hapa bado. Ukipaka rangi juu ya kutu, yote itabanduka." Akasugua tena. Wakapiga msasa, wakapaka rangi, wakangoja ikauke. Fundi alipaka gundi nyeusi ukingoni, akarudisha tairi na kulijaza. Safari hii maji ya sabuni yalitulia tuli, pande zote mbili.

Walikwenda moja kwa moja kwa bibi. Mfuko wa Gololi ulikuwa tayari mlangoni.

"Bibi, shikamoo. Nilisema uongo," Chiriku alianza, na kwa mara ya kwanza maneno yalimjia kwa shida. Aliyasema yote. Kisha akamgeukia Gololi. "Nisamehe."

Gololi alitazama chini. "Siku ile nilikuwa nalibonyeza nione kama limepungua, nimwamshe mama yako mapema."

Kisha akamtazama Chiriku.

"Na wale wa kwenye pikapu?" akauliza. "Wananiita Bwana Upepo. Nani atawaambia?"

"Mimi. Jumatatu."

"Mbele yangu?"

"Mbele yako."

Mama naye aliomba radhi, kwa bibi na kwa mjukuu. Bibi aliuchukua ule mfuko na kuurudisha ndani. "Mjomba wake atakuja kesho," alisema akiwa huko huko. "Atakula, atashiba, na atarudi peke yake."

Jumatatu Chiriku alisema mbele ya wote, uso ukimwaka. Mmoja alianza kucheka, kisha akaacha. Gololi alipanda, akakaa dirishani, mbali naye.

Walipofika shuleni, Mama alimwita Chiriku pembeni.

"Bado amekununia. Mpe muda," alisema kwa upole. "Lakini nisikilize, mwanangu. Karibu yote uliyoniambia yalikuwa kweli. Alikuwepo kweli, alichuchumaa kweli, tairi lilikuwa chini kweli. Kijiti tu ndicho ulichoongeza. Na kijiti hicho kidogo nusura kimwondoe mtoto kwao. Ukiona jambo, sema ulichokiona, uishie hapo. Usilolijua, uliza."