Kaseti ya Ishirini na Moja

Jumatatu hiyo Titilia aliingiza kaseti ishirini kwenye kabati la kumbukumbu za kompyuta, na kabati likahesabu ishirini na moja.

"Umekosea, dada," alisema Jagdish, fundi mkuu wa jengo lao mjini Suva. "Wikiendi ilikuwa tamu, eh?"

"Sijanywa hata bakuli la yangona tangu Ijumaa. Usinisingizie!"

Alizitoa zote, akazihesabu upya. Ishirini. Akazirudisha kidirishani moja moja, lebo zikitazama nje, mkono wa chuma wa mashine ukazidaka kwa ndani na kuzipanga rafuni. Ishirini na moja. Kila lebo huwa na alama nane, herufi na tarakimu. Ile ya ziada ilisomeka kwenye skrini: MATAIASI.

"Si mlinzi wetu wa getini huyu?"

Kabla Jagdish hajajibu, kitu kikagonga kutoka ndani ya kabati. Ngo, ngo, ngo. Taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayebisha hodi.

Jagdish, mtu wa mzaha hata msibani, akaitika, "Karibu!"

Lo, bora angejing'ata ulimi! Visiwani kule hakuna anayeingia bila hodi, na hakuna mwenye akili anayekaribisha asichokiona. Papo hapo chumba kile cha baridi kikajaa harufu ya mafuta ya nazi yaliyotiwa maua, yale wanayopakwa maiti. Saa saba mchana Mataiasi alikutwa kitini pake getini, amekufa, nywele zinang'aa mafuta.

Kesho yake asubuhi walimleta mganga, mzee Vilikesa. Aliweka mzizi wa yangona mbele ya kabati kama zawadi, akapiga makofi ya heshima, akanong'ona na kusikiliza. Kisha akawageukia.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi, babu," Jagdish alisema. "Nilikuwa natania."

"Yeye hakuwa anatania. Angekuwa mvamizi ningemfukuza. Mgeni aliyekaribishwa nitamtoa kwa neno gani?"

Mzee akauchukua mzizi wake, akaondoka bila kuaga.

Jagdish alichomoa waya wa umeme, lakini skrini haikuzimika, na mkono wa chuma ukaanza kutembea wenyewe gizani mle, ukipanda, ukishuka, ukinusa rafu moja baada ya nyingine, huku herufi zikijiandika moja moja, L, kisha O, kisha S, na Titilia alishaijua herufi itakayofuata, maana jina hilo alilitoa mwenyewe miaka sita iliyopita, jina la mwanawe wa pekee, Losevati, aliyebaki nyumbani leo kwa ajili ya mafua. Akatumbukiza mkono kidirishani hadi begani, akapapasa kila tundu aing'oe kaseti ile, na vidole vyake havikushika kitu ila mafuta.

Akapiga simu nyumbani kwa mkono unaoteleza. Mtoto akapokea.

"Losevati! Shangazi yuko wapi?"

"Amelala. Mama, kuna mgeni alikuwa anabisha hodi mlangoni. Ananukia vizuri!"

"Usimwitikie, mwanangu! Unanisikia? Usiseme neno!"

Mtoto akavuta kamasi.

"Lakini mama, si wewe uliyenifundisha adabu? Nimeshamwambia karibu."