Mnyororo Uliobaki Uani

Kila Jumamosi asubuhi Dahye alimsaidia shangazi yake, aliyeishi naye, kujaza chupa za maji ya moto na kuzipakia garini, pamoja na mabua ya mpunga na nyundo. Maji yalikuwa ya kuyeyusha barafu kwenye mabakuli ya mbwa, na mabua yalikuwa ya kuwatandikia. Nyundo ilikuwa ya kazi yoyote ambayo mwenye mbwa angewaruhusu, na mara nyingi hawakuruhusiwa.

Pale Soljae, kijijini kwao, karibu kila ua ulikuwa na mbwa, na karibu kila mbwa alifungwa kwa mnyororo usiozidi urefu wa mtu aliyelala. Hawakupigwa. Walipewa makombo, wakabweka mgeni akija, wakazeeka palepale. Shangazi Misuk alikuwa mjane asiyekosa sala ya alfajiri. Alikuwa amejiunga na chama cha kutetea wanyama, na kazi yake ilikuwa kuwabembeleza wazee waachane na mnyororo mfupi. Badala yake aliwafungia waya mrefu baina ya nguzo mbili, mnyororo ukateleza juu yake na mbwa akakimbia ua mzima.

Wa mwisho katika mzunguko wao alikuwa Bibi wa Jukdong, aliyeitwa hivyo kwa jina la kijiji alichozaliwa. Mbwa wake wa manjano, Bangul, alikuwa amekanyaga duara la udongo mgumu kuzunguka kigingi chake, duara lisiloota hata jani.

"Bibi, ule waya tuufunge lini?" Shangazi aliuliza, kama alivyouliza juma lililopita na lile la kabla yake.

"Tutaona," Bibi alijibu. Akamtilia Dahye kiazi kitamu cha kuchoma mkononi. "Kula, mjukuu wangu. Umekonda kama mwiko."

Garini Dahye alinuna. "Tutaona, tutaona. Si aseme tu kwamba hataki."

"Mwezi uliopita alisema tutaona akiwa nyuma ya mlango. Leo ametutolea viazi," Shangazi alisema. "Yumo njiani. Tumngoje."

Jioni ile binamu yake, Kaka Jiwan, aliyekuwa akisoma chuo huko Daejeon, alikuja kula kwao. Yeye naye alikuwa na kundi la kutetea wanyama, lakini kundi lake halikubembeleza mtu. Lilipiga picha za mbwa wanaoteswa, likazisambaza, likasimama na mabango mpaka sheria ibadilike.

"Shangazi, mnyororo mrefu bado ni mnyororo," alisema huku akichota kimchi, kabichi ya chumvi na pilipili. "Unawafundisha watu kwamba si vibaya kumfunga kiumbe, mradi umfunge vizuri."

"Kweli. Na wakati sheria yako inakuja, usiku wa leo Bangul anakunywa nini?"

"Ndiyo maana wengine hawangoji. Wanafungua tu."

"Wakishafungua, wanampeleka wapi?"

Jiwan akacheka. "Shangazi, wewe ungempelekea hata Farao mabua ya mpunga, awatandikie watumwa wake."

Shangazi naye akacheka. Dahye hakucheka. Neno lile, wanafungua tu, lilikuwa limemwingia.

Siku chache baadaye, akitoka shuleni, alipita nyumbani kwa Bibi wa Jukdong. Bibi alikuwa kwa jirani, wakitia kabichi chumvi. Dahye, mwenye miaka kumi na miwili na hasira ya mtu mzima, aliingia uani akafungua ndoano ya mnyororo shingoni mwa Bangul.

Bangul hakukimbia. Alitembea mpaka ukingo wa duara, pale mnyororo ulipozoea kumkomesha, akasimama kana kwamba bado umemshika. Dahye alimsukuma kwa nyuma. "Nenda. Huna mnyororo tena." Ndipo alipovuka, akanusa ukuta, akapotelea kwenye mashamba yaliyovunwa. Dahye alirudi nyumbani akijiona shujaa.

Ushujaa ule haukufika mbali. Alfajiri iliyofuata Shangazi alikwenda naye kanisani, na kule kwao watu husali kwa sauti, kila mmoja maneno yake. Nyuma ya kiti chake Dahye alisikia sauti anayoijua.

"Bwana, mikono yangu imezeeka. Nilidhani nimeifunga ndoano. Baridi hii, kiumbe wako yuko wapi? Usimwadhibu yeye kwa uzembe wangu."

Ilikuwa ni kugeuka tu na kusema neno moja. Dahye aliangalia viatu vyake mpaka sala ikaisha.

Tangu hapo Bibi alikuwa akipita njia ya mashambani na bakuli, akiligonga kwa kijiko, akiita. Dahye akiusikia mlio ule wa bakuli, alikata njia ya nyuma ya kanisa ili wasionane. Nyumbani aliacha chakula sahanini. Shangazi alimtazama sana, lakini hakumuuliza.

Jumamosi walipofika uani kwa Bibi, walimkuta mtoto wa mbwa, mdogo kama kofia, analia kwenye mnyororo uleule. Mwana wa Bibi, mtu wa makamo aliyekuja kutoka Seoul, alikuwa amesimama kando yake.

"Nimemletea mwingine," alimwambia Shangazi. "Mama bila mbwa halali kwa woga. Lakini nakwambia ukweli, mama amechoka. Leo amesahau kufunga ndoano, kesho atasahau kufunga gesi. Kabla ya mwaka mpya namhamishia nyumba ya wazee."

Bibi alikuwa akifuta mikono kwenye aproni, na mikono yenyewe ilikuwa mikavu.

Dahye aliutazama mnyororo. Alikuwa amedhani kwamba ameumaliza, kumbe aliitoa shingo moja na kuiachia nafasi shingo nyingine. Kisha akamtazama Bibi, ambaye angehamishwa kutoka nyumbani kwake kwa kosa ambalo si lake. Miguu yake ilimwambia akimbie.

"Mjomba," alisema, na sauti ikatoka ndogo, "Bibi hakusahau. Ni mimi nilimfungua Bangul."

Yule bwana aligeuka. "Wewe? Mama amekukosea nini?"

"Nilimwonea Bangul huruma."

"Ukamwonea huruma ukamtupa kwenye baridi. Na siku zote hizi ulikuwa unamsikia mama akimwita?"

"Nilikuwa namsikia."

Bibi alimshika Dahye mkono. Hakumpiga wala hakumfokea. Alimpeleka nyuma ya jiko. Pale ukutani ziliegemezwa nguzo mbili za mti mbichi, zimemenywa magome.

"Nilimwomba jirani anichongee nguzo za ule waya," Bibi alisema. "Nilitaka leo mkija, mzikute."

Dahye alitamani angepigwa.

Shangazi hakupoteza wakati kwa kumgombeza. Alimpigia simu Jiwan, kwa kuwa kundi lake huangalia kila siku picha za mbwa wanaookotwa na kupelekwa kituo cha wilaya. Mbwa asipodaiwa kwa muda uliowekwa, huuawa. Haikupita muda simu ikalia. Bangul alikuwa pale. Mtego wa nguruwe pori ulikuwa umemjeruhi mguu, na muda wake ulibaki kidogo.

Walikwenda wote. Bangul alitolewa akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Bibi aliinama mbele yake akamuuliza, kama anavyoulizwa mtu, "Umekula?" Bangul akaweka pua kwenye aproni yake.

Jioni Jiwan alifika, akachimba mashimo ya nguzo pamoja na mwana wa Bibi. "Dahye, neno lile lilikuwa langu," alisema bila kuinua macho. "Nililisema kwa kutamba." Kisha akamfunika yule mtoto wa mbwa kwenye koti lake, ampeleke kwa familia moja ya mjini iliyokuwa ikingoja. Habari za nyumba ya wazee hazikutajwa tena.

Wakati waya unakazwa, Shangazi alimwita Dahye pembeni.

"Huruma yako ni njema, Mungu ndiye aliyeitia. Jiwan anapigania siku ambayo hakutakuwa na mnyororo hata mmoja. Mimi napigania usiku wa leo. Tunagombana, na tutaendelea kugombana, lakini kila mmoja anasema mbele ya watu anachokifanya. Wewe ulitenda kwa siri, kisha ukamwacha bibi wa watu abebe kosa lako mpaka kwenye sala zake. Siku nyingine, jambo ukiona haya kulisema mbele ya unayemtendea, usilitende."

Dahye alikwenda kwa Bibi, akainama mpaka kichwa kikafika magotini. "Bibi, utanisamehe? Nitakuwa nakuja kila siku kumfunga Bangul bendeji."

Bangul, kwenye waya mpya, alikuwa amesimama ukingoni mwa duara lile la zamani. Safari hii hakuna aliyemsukuma. Alinyoosha mguu mmoja, akangoja, akavuka.

"Tutaona," Bibi alisema. Akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa kiazi kitamu, bado cha moto, akampa.