Walilisifu Lori Kuteremka Kimya... Mimi Nikabaki Mjane!

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mkulima, mkazi wa kijiji kimoja cha ujamaa jirani na Kwedizinga, Handeni. Nina watoto wawili na sina mume. Hakunitoroka wala hakunipa talaka... Naomba mnisikilize!

Marehemu mume wangu, Mhina, alikuwa dereva wa lori la kijiji. Lori lilikuwa hilo hilo moja, mali yetu sote. Ndilo lililopeleka mahindi Korogwe, ndilo lililopeleka wagonjwa hospitali. Mhina alilitunza kama mboni ya jicho lake. Akiona ng'ombe barabarani, hata wakiwa mbali, anatoa mguu kwenye mafuta mapema, gari linapunguza mwendo lenyewe, breki anaigusa tu. Na kwenye mteremko mrefu wa kuingia kijijini alitia gia ndogo tangu kule juu. Injini inanguruma weee! Binti yetu Asha akiisikia tu, mbio barabarani: baba amerudi!

Chini ya mteremko ule, pembeni na katikati ya barabara, ndipo tulipoanika mahindi ya kijiji. Tukisikia ngurumo tunakunja mikeka, tunasogea. Ndivyo tulivyozoea.

Basi ukaja mwaka petroli ikaadimika. Hapo ndipo balaa lilipoanza!

Rajabu... Jamani, hata kulitaja jina hili ulimi unakuwa mzito! Rajabu alikuwa rafiki wa mume wangu tangu utotoni, na ndiye aliyekaa shahidi siku ya ndoa yetu. Udereva alifundishwa na Mhina huyo huyo. Kumbe mwenzetu anautamani usukani! Akasimama kwenye mkutano wa kijiji, akasema Mhina anachezea mali ya umma.

"Ninyi wenyewe hamsikii? Gari linashuka lenyewe, yeye bado anaunguza petroli! Mimi ningezima injini pale juu, likashuka bure!"

Watu wakapiga makofi. Masikio yao yaliwaambia kelele ndiyo mafuta. Mhina akaeleza kwa upole kwamba mteremkoni mguu wake hauko kwenye mafuta, na petroli inayokwenda pale ni kidogo mno. Kelele ile ni injini inalishika gari lisikimbie, ili breki zisilike. Wakamcheka! Mzee mmoja akamwambia dereva anayeogopa mteremko akalime. Mwenyekiti akamkabidhi Rajabu ufunguo pale pale. Mume wangu akapangiwa kugeuza mahindi barabarani pamoja na sisi wanawake.

Mnajua alivyoumia? Alirudi nyumbani hataki chakula, hataki maneno. Mimi nina hasira za karibu, nikamwambia naondoka sasa hivi kwenda kumpasha yule mwenyekiti! Akanishika mkono.

"Mama Asha, mimi sililii ufunguo. Nahofia zile breki."

Rajabu akaanza sifa. Akifika juu anazima injini, anatoa gia, lori linashuka kimyaaa! Watu wanashangilia, eti petroli inabaki. Inabaki wapi? Kwenye tambarare anakimbiza gari kama anafukuzwa, ghafla anakanyaga breki mpaka tairi zinalia, kisha anakanyaga mafuta upya. Pipa la petroli likawa linakwisha mapema kuliko enzi za Mhina, naye akasingizia matope! Lori likisimama, harufu ya kuungua inatupata wote puani. Mume wangu alimfuata, akamsihi alipeleke kwa fundi Korogwe. Rajabu akamjibu kwamba wivu utamuua.

Siku hiyo Rajabu alitoka Kwashemshi, kule milimani, na shehena ya mbao za kujengea zahanati. Milima ile yote alikuwa ameishuka kwa breki tupu. Ilikuwa adhuhuri, nasi tumeinamia mahindi, tunapiga soga, tunacheka. Hatukusikia kitu... Hatukusikia kitu kabisa!

Mhina ndiye aliyeinua kichwa. Alipiga ukelele, akanisukuma mimi na mama yake, tukaangukia mtaroni. Nilipogeuka, lori lilikuwa limeshapita juu ya mikeka na kugonga ukuta wa ghala. Rajabu alitoka mzima. Mume wangu alikuwa amelala kwenye mahindi... Alikata roho mikononi mwangu. Tungempeleka hospitali kwa gari gani? Gari lilikuwa hilo hilo!

Fundi alipofungua magurudumu, alikuta breki zimelika mpaka chuma kinasaga chuma.

Rajabu alikuja matangani analia, anataka msamaha. Nilimfukuza. Niambieni ninyi, mngekuwa mimi mngefanyaje?

Ndugu zangu madereva, nawasihi kwa machozi! Msizime injini mteremkoni kwa tamaa ya petroli. Shukeni na gia, toeni mguu kwenye mafuta mapema, breki mziache kwa haja yake. Na ninyi wanavijiji wenzangu, kabla hamjampigia mtu makofi mkutanoni, msikilizeni na yule anayesemwa.

Lori lilitengenezwa, likapata dereva mwingine. Siku ya kwanza aliliteremsha kwa gia ndogo, likanguruma tangu kule juu. Hakuna mwanakijiji aliyelalamikia petroli. Asha wangu akaacha kucheza, akatoka mbio kuelekea barabarani, anaita kwa furaha: "Baba amerudi! Mama, baba amerudi!"