Karakana ya Baba Daktari

Mtaa ule haukuamshwa na jogoo. Uliamshwa na chuma. Baba akiwasha mashine yake ya kukatia, cheche ziliruka, mbwa walibweka, na majirani walijua kumekucha. Alikuwa fundi wa mageti na madirisha, na mageti yake hayakuwahi kulia yakifunguliwa. Juu ya mlango wake kulikuwa na kibao cha bati chenye herufi nyekundu: KARAKANA YA BABA DAKTARI.

Daktari mwenyewe alikuwa jikoni akiosha vikombe. Hakuwa daktari. Alikuwa binti aliyemaliza shule. Jina alilipata utotoni, siku alipomfunga kuku mguu uliovunjika kwa kijiti na kitambaa, na kuku akatembea. Baba alijisifu mtaa mzima. Jioni ile ile alitafuta bati na rangi.

Lakini alama za Binti hazikufika udaktari. Alirudia mtihani, zikapanda, bado hazikufika. Tangu hapo alipita uchochoroni. Barabarani kulikuwa na watu, na watu walikuwa na swali moja: "Daktari, chuo unaanza lini?"

Sasa nafasi ilikuwa imepatikana. Chuo cha afya kilimkubali kusomea kazi ya tabibu msaidizi. Masomo yalianza Jumatatu. Asipofika siku hiyo, nafasi yake angepewa mwingine.

"Msaidizi wa nani?" Baba aliuliza, kikombe mkononi. "Mimi nilikuwa msaidizi wa fundi. Nilishika ngazi. Nilifagia vyuma. Nilitumwa sigara. Mwanangu hatumwi sigara."

"Chuoni hawafundishi kununua sigara," alisema Mama.

"Mama Daktari, nazungumza na mtoto."

"Na mimi nazungumza na baba wa mtoto."

"Baba," Binti alisema, "tabibu msaidizi anapima wagonjwa. Anatibu."

"Kama anatibu, kwa nini asiitwe daktari? Utarudia mtihani. Na kile kibao nikiandike nini? Baba Nusu Daktari?"

Binti aliinama juu ya vikombe. Nusu. Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Jumamosi asubuhi mashine ilinguruma, kisha ikanyamaza ghafla. Binti alitoka mbio. Baba alisimama katikati ya karakana, mkono wa kulia umelowa damu, na wa kushoto unatafuta tambara.

"Si kitu," alisema. "Nipe oili nimwagie, nifunge, niendelee."

"Baba, tambara hilo limefuta mashine tangu mwaka juzi. Liache. Na oili iache."

Alimwagia maji safi. Akakunja kitambaa kilichofuliwa, akakibana juu ya jeraha bila kuachia, akauinua mkono juu. Damu ilipungua. Wakaondoka hivyo hivyo, mkono wa Baba juu kama mwanafunzi anayejua jibu.

Katika kituo cha afya walipokelewa na mwanamke mrefu wa makamo, koti jeupe, sauti nzito. Hakukimbilia sindano. Aliuliza kwanza. Mashine gani? Saa ngapi? Una kisukari? Unatumia dawa yoyote? Chanjo ya pepopunda ulichoma lini? Kisha akafungua kitambaa.

"Nani alikifunga hivi?"

"Mimi," alisema Binti.

"Umefunga vizuri. Mzee, kunja vidole. Kimoja kimoja."

Kidole gumba kilikunjika. Cha shahada kilikunjika. Cha kati kiliinama kidogo, lakini ncha yake haikusogea. Mwanamke akakishika katikati. "Kunja ncha tu." Baba alikaza meno. Ncha ilibaki imenyooka. Akaigusa kwa pamba. "Unahisi?" Alihisi. Mwanamke akachukua simu.

"Nampigia daktari."

"Kwani wewe si daktari?" Baba aliuliza.

"Mimi ni tabibu msaidizi, mzee."

Baba aliuvuta mkono wake, akasimama. "Binti, inuka twende. Unaona sasa? Anapiga simu kuuliza. Hajui."

Binti hakuinuka. Alihisi uso unawaka moto. Kama mwanamke huyu hakujua, basi Baba alikuwa na haki, na Jumatatu ilikuwa imekwisha kabla haijafika.

"Keti, mzee," Tabibu alisema bila kupandisha sauti. "Unamwaga damu sakafuni, na mfagizi wetu ana hasira kuliko mimi. Kazi yako nini?"

"Fundi wa mageti."

"Mteja akileta geti, bawaba imekatika ndani, utalipaka rangi juu umrudishie?"

"Huyo si fundi. Huyo ni mwizi."

"Basi ngozi yako ndiyo rangi. Kuishona najua, nashona kila siku. Ningekushona sasa hivi, ukaenda zako ukinisifu. Halafu kidole kingebaki kimenyooka kama msumari. Ndani kuna kano, kamba ngumu inayokivuta kidole kikunjike. Yako imekatika. Inaungwa na daktari wa upasuaji, hospitali kubwa. Simuulizi daktari umeumia nini. Namwambia."

Baba aliketi. Polepole, lakini aliketi.

Tabibu aliiweka simu mezani, sauti ikasikika chumba kizima. Alieleza kwa ufupi: kidole gani, ncha haikunjiki, hisia ipo, jeraha la asubuhi hii.

"Safisha, kifunge kidole kwa kibao kisisogee, choma pepopunda, mlete," alijibu daktari. "Kama umepima wewe, sina haja ya kusubiri nione. Natayarisha chumba cha upasuaji."

Baba aliitazama simu ile kama mtu aliyesikia jina lake redioni.

Wakati Tabibu anasafisha jeraha, Binti alipata sauti. "Nimepata nafasi ya kusomea kazi yako. Masomo yanaanza Jumatatu."

"Na bado uko hapa?"

"Baba hataki."

"Baba yuko hapa hapa," alisema Baba. "Ajisemee mwenyewe. Dada, nieleze. Mwanangu akimaliza, atashika ngazi ya nani?"

Tabibu alicheka. "Hashiki ngazi. Atasoma mwili wa binadamu, magonjwa, dawa. Atafanya mazoezi wodini, mchana na usiku, akisimamiwa. Akifaulu, anasajiliwa na kupewa leseni. Hapo anapima, anatibu, anaandika dawa, anashona majeraha. Sheria inasema lipi afanye mwenyewe na lipi amshirikishe daktari. Daktari wetu hapa huja mara moja moja. Siku nyingine mimi ndiye ninayesimamia kituo, naye yuko kwenye simu."

"Na atabaki hapo hapo mpaka azeeke?"

"Akitaka. Mimi nimebaki, naipenda. Mwenzangu mmoja aliongeza masomo ya macho. Mwingine anawalaza wagonjwa usingizi wakati wa upasuaji. Mwingine alirudi chuo kikuu, akawa daktari. Milango ipo, lakini sikudanganyi: kazi haikufuati nyumbani. Inaombwa, na mara nyingi unaanza mbali na kwenu." Akamgeukia Binti. "Na kuna jambo moja gumu kuliko mitihani yote. Kujua mwisho wa ujuzi wako, na kuusema mbele ya watu bila haya. Anayeona haya kupiga simu, asiguse mgonjwa."

Binti alilimeza neno hilo. Lilipita, na ule mwiba ukashuka nalo.

Kano iliungwa siku ile ile. Jumatatu alfajiri Binti alikuta ngazi imeegemezwa mlangoni mwa karakana. Mama ameishika. Baba yuko juu, mkono mmoja kifuani umefungwa, wa pili unafungua skrubu za kibao.

"Baba, utaanguka."

"Msaidizi wangu ananishika," alisema, akimwonyesha Mama kwa kidevu.

"Nitumwe na sigara?" Mama aliuliza.

Baba alishuka na bati kwapani. "Jina hili nilikupa mimi," alimwambia Binti. "Nenda kalete la kwako. Nitaliandika vile vile litakavyokuja." Kisha akauchukua mzigo wa Binti kwa mkono mzima, akatangulia.

Masomo hayakuwa mteremko. Binti alilia juu ya majina ya mifupa. Alisinzia wodini akiwa amesimama. Mara moja alishindwa mtihani wa dawa, akaurudia, akaufaulu. Miaka ikapita, leseni ikatoka. Siku aliyorudi hakupita uchochoroni. Alipita barabarani, katikati kabisa, kichwa juu, na kila aliyeuliza alijibiwa. Mbele yake, rangi ikiwa bado mbichi, palisomeka: KARAKANA YA BABA TABIBU.

Alianza kazi mbali na nyumbani, kisha akahamishiwa kituo kile kile alikoketi na Baba. Asubuhi moja aliletewa mtoto mwenye homa kali. Alimpima. Shingo ilikuwa ngumu, haikuinama. Alijua maana yake, huenda ni homa ya uti wa mgongo, na alijua mtoto anahitaji hospitali kubwa, upesi. Alimwambia muuguzi atayarishe dawa, akachukua simu.

Nje ya pazia, benchini, mwanamume mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika. "Anapiga simu. Huyu hajui."

Nyundo iliyokuwa ikigonga dirishani ikanyamaza. Fundi aliyekuwa akifunga nondo za dirisha la kituo alishuka kwenye kiti.

"Ndugu yangu," ilisema sauti ambayo Binti aliijua tangu azaliwe. "Kitazame kidole hiki. Kinakunjika?"

"Kinakunjika."

"Kilikatika ndani. Kinakunjika kwa sababu mtu mmoja alijua, akapiga simu. Mimi nilisimama nikataka kuondoka. Wewe keti, usirudie ujinga wangu. Huu umeshatumika."

Benchi zima lilicheka. Nyundo ikaendelea.

Ndani, simu ilipokelewa. Binti alinyoosha mgongo.

"Daktari, ni mimi, Tabibu. Nimempima mtoto: homa kali, shingo ngumu. Dawa ya kwanza tunaanza sasa, na gari linawashwa. Tayarisheni kitanda."

"Umepima wewe?"

"Nimepima mimi."

"Basi kitanda kipo," alisema daktari. "Mlete."