Ugonjwa Alioujua Nyamizi Peke Yake

Shangazi Sabina alikuwa akiondoka nyumbani kabla jua halijachomoza vizuri. Alifanya kazi ofisini, Mbeya mjini, na kutoka Iyunga walikoishi ilibidi awahi usafiri.

"Chai ipo kwenye chupa, viazi vipo mezani. Kula kabla hujatoka!" alisema kila asubuhi huku akivaa viatu.

"Sawa, shangazi," Nyamizi alijibu kila asubuhi. Mlango ukishafungwa, viazi alivipeleka kwa kuku wa jirani.

Nyamizi alikuwa msichana wa darasa la sita, na kutulia hakujui. Hata akipiga mswaki alizunguka nyumba nzima. Njiani kwenda shule alinunua biskuti na kopo la kile kinywaji cha kuongeza nguvu. Saa nne alikula chipsi na soda nyeusi. Jioni alipata krispi na soda nyingine, wakati mwingine mbili, na shangazi akirudi alidai ameshiba. Hela ya chakula cha mchana iliishia huko. Maji alikunywa pale tu alipokutana na bomba.

Baba yake, Mzee Mihayo, aliishi Rujewa, katika bonde la Usangu. Alikuwa Msukuma aliyehamia huko na mifugo yake michache kabla Nyamizi hajazaliwa. Alipomruhusu binti yake kwenda kusoma Mbeya, alimpa sharti moja tu.

"Shangazi yako anashinda kazini. Hawezi kukuchunga. Nikisikia unakula ovyo, unarudi kusoma hapahapa nyumbani."

Nyamizi hakutaka kurudi. Aliipenda shule yake, aliipenda timu yao ya netiboli, na kelele za mjini zilimfurahisha. Kwa hiyo mambo ya chipsi na makopo aliyaweka moyoni.

Likizo ya Desemba ilipofika, akapanda basi Jumatatu kwenda nyumbani.

Nyumbani hakukuwa na soda. Kulikuwa na ugali wa dona, maharage, mlenda na maziwa mgando. Siku ile ya kwanza mama yake, ambaye watoto walimwita Mayu, alimjazia sahani mpaka pembeni.

"Kula, mama. Mbeya wamekukondesha."

Nyamizi akala vyote, maana alikuwa na njaa ya safari. Jumanne asubuhi tumbo lilikuwa limejaa gesi, linanguruma kama trekta bovu. Mchana kichwa kikaanza kumgonga nyuma ya macho. Kufikia jioni mwili wote ulikuwa mzito, na alikuwa na hasira asiyojua imetoka wapi. Mdogo wake alipomuuliza kitu kidogo tu, alimfokea mpaka mtoto akalia. Alikaa, akasimama, akatoka nje, akarudi ndani. Hapakuwa na mahali palipomfaa.

"Kichwa, uchovu, tumbo," Mzee Mihayo alihesabu kwa vidole. "Hiyo malaria. Ametoka kwenye baridi ya Mbeya, mbu wa Usangu wamemkaribisha."

Kule bondeni watu wengi hufikiri hivyo. Mtu akishika kichwa tu, jirani wa kwanza anasema malaria, na wa pili anataja dawa. Mzee Mihayo hakungoja. Akaenda duka la dawa, akanunua dawa ya mseto, na Nyamizi akaanza kuimeza bila kupimwa.

Jumatano kichwa kilizidi.

Alhamisi Mayu akamtuma mashine ya kusaga na ndoo ya mahindi. "Kutembea kutakuchangamsha. Nenda na Tekla."

Tekla alikuwa binti wa jirani, Mbena mwenye mdomo mwepesi. Walipofika nusu ya njia, Nyamizi aliitua ndoo chini mara ya tatu.

"Ee, mtu wa Mbeya! Kumbe huko mjini ndoo zinatembea zenyewe?"

"Niache, Tekla. Kichwa kinanipasuka."

"Kichwa, au madaha?"

Macho ya Nyamizi yalikuwa yameshafika kwenye duka lililo karibu na mashine, ambako soda zilipangwa dirishani. Alibakiwa na hela kidogo ya safari. Akanunua soda nyeusi, akajificha nyuma ya mashine, akainywa yote bila kupumua.

Kabla unga haujamalizika kusagwa, kichwa kilikuwa kimeachia. Kimeachia kabisa, kama kamba iliyofunguliwa. Wakati wa kurudi alibeba ndoo bila kuitua hata mara moja, huku akiimba.

"Wewe umekunywa nini kule nyuma?" Tekla aliuliza.

"Maji."

"Basi hayo maji na mimi nayataka."

Nyumbani Mayu alimwona anaruka akafurahi. "Dawa imefanya kazi!"

Nyamizi akatazama pembeni. Hapo ndipo alipojua. Siyo kwamba alielewa jambo lote, lakini alijua kwamba dawa haikuhusika. Na akajua pia kwamba akisema, safari ya kurudi Mbeya itakuwa imekufa.

Ijumaa asubuhi kichwa kilirudi, na tumbo halikuwa limemwacha. Mzee Mihayo akampeleka zahanati. Nesi Eveline alimpima joto, halikuwa juu. Akamtoboa kidole, akasubiri kipimo.

"Hana malaria, mzee."

"Hana? Na dawa nimempa!"

"Ulimpa kabla ya kupima?"

Mzee Mihayo akakohoa bila sababu.

Nesi akamgeukia Nyamizi. "Mwanangu, huko Mbeya ulikuwa unakula nini? Unakunywa nini kila siku?"

Swali lilikuja moja kwa moja, na Nyamizi alihisi baba yake akimwangalia. Akasugua miguu sakafuni.

"Ugali na mboga. Kama watu wengine."

"Soda je?"

"Hapana. Labda sikukuu."

Nesi Eveline aliandika, akafuta, akaandika tena. "Basi sioni chanzo. Mpe maji mengi. Kichwa kikiendelea hivi, mpelekeni hospitali kubwa wakamchunguze zaidi."

Walipofika nyumbani Mzee Mihayo alimwita mkewe zizini, na Nyamizi akawasikia kutoka nyuma ya ukuta.

"Kesho ni mnada. Nitamuuza Baka, tumpeleke mtoto Mbeya akapigwe picha ya kichwa."

"Baka!" Mayu alishtuka. "Na maziwa ya watoto?"

"Nifanyeje? Maksai siwezi kuwauza, mvua zimeanza na mashamba ya mpunga hayajalimwa. Aliyebaki ni Baka. Ng'ombe atapatikana mwingine. Mtoto je?"

Baka alikuwa ng'ombe mwekundu mwenye doa jeupe usoni, na ndiye pekee aliyekuwa na maziwa. Ndama wake alikuwa hajafikisha miezi mitatu. Nyamizi akasogea mbali na ukuta. Alizunguka nyumba, akazunguka tena. Mara mbili alifika mbele ya baba yake na mara mbili akauliza jambo jingine: maji ya kuoga yapo? Fimbo yako iko wapi?

Jumamosi alipoamka, zizi lilikuwa na sauti moja tu, ya ndama akimwita mama yake. Mzee Mihayo alikuwa ameshaondoka na Baka.

Nyamizi akasimama akimsikiliza yule ndama. Kisha akakimbia.

Hakuwaambia hata wa nyumbani. Alipita kwenye kingo za majaruba ya mpunga, akateleza, akainuka na tope mpaka magotini, kichwa kikigonga kila hatua. Akafika mnadani anahema. Ng'ombe walikuwa wengi, wanasukumana, madalali wanapiga kelele. Akamwona baba yake ameshika kamba ya Baka, na mbele yake dalali mmoja, Anania, mwenye kopo la rangi mkononi. Ng'ombe akishapakwa rangi ya mnunuzi, ameshauzwa.

"Baba! Usimuuze!"

Mzee Mihayo akageuka. "Nyamizi? Mgonjwa anakimbia mnadani?"

"Mimi sijui kama ni mgonjwa, baba."

"Kichwa hakiumi?"

"Kinauma. Kinauma kweli. Lakini nikinywa soda kinapona."

Anania akacheka mpaka rangi ikamwagika kidogo. "Mzee, umepata daktari wa bei rahisi! Soda tu!"

Watu waliokuwa karibu wakacheka. Nyamizi alitaka ardhi immeze, lakini akaona brashi ya rangi imeshachovywa.

"Nilimdanganya nesi," akasema kwa sauti. "Mbeya sikuwa nakula chakula cha shangazi. Nilikuwa nakunywa soda mbili, tatu kila siku, na yale makopo ya nguvu. Nakula chipsi na biskuti. Nilipofika nyumbani nikaacha vyote ghafla, ndipo kichwa kikaanza. Alhamisi nilikunywa moja kwa siri kule mashine, kikaacha. Niliogopa utanitoa Mbeya."

Kicheko kikaisha. Mzee Mihayo alimtazama binti yake, akatazama tope la miguuni.

"Mzee," Anania akasema, "unauza au huuzi? Tajiri ananisubiri."

Mzee Mihayo akaizungusha kamba mkononi mara moja, mara ya pili.

"Siuzi."

Walikwenda moja kwa moja zahanati, wao wawili na ng'ombe wao, wakamfunga Baka nje kwenye mti. Nyamizi akayasema yote upya mbele ya Nesi Eveline, safari hii bila kutazama sakafu. Nesi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia jana, tungemaliza jana," akasema. "Zile soda nyeusi na yale makopo yana kafeini, kile kichangamshi cha kwenye kahawa. Mwili ukiizoea kila siku, halafu ukanyimwa ghafla, kichwa kinauma, unachoka, unakuwa na hasira. Inachukua siku kadhaa, mara nyingi haizidi wiki moja na kitu. Kisha inaisha yenyewe."

"Na tumbo?" Mzee Mihayo aliuliza.

"Tumbo lilizoea chipsi na biskuti, vitu laini. Ninyi mmemjazia dona, maharage na mlenda kwa siku moja, na maji hanywi. Lazima lipige kelele! Mpeni kidogo kidogo, muongeze taratibu. Maharage myaloweke tangu usiku, maji ya kulowekea myamwage. Na maji ya kunywa asingoje kiu."

"Kwa hiyo hicho chakula cha nyumbani hakimdhuru?"

"Hakimdhuru. Mwili unajifunza upya tu. Lakini akipata homa, au akitapika, au kichwa kikipita siku kumi, mleteni. Msinunue dawa kwa kukisia. Umesikia, mzee?"

"Nimesikia," alisema Mzee Mihayo, na hakukohoa.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa ngumu. Nyamizi alikunywa maji, akalala mchana, akaamka, akatamani kukimbilia dukani. Tekla alipojua habari yote alicheka kwanza, kisha akaja kila jioni kucheza naye rede ili asahau. Siku ya nne kichwa kilikuwa kizito tu. Siku ya sita aliamka akakitafuta kile kichwa kinachouma, hakukiona. Tumbo nalo lilinyamaza. Akamaliza bakuli la maharage, akaomba aongezwe.

Wiki iliyofuata walikuwa shambani, yeye akiwa mbele anawaongoza maksai, baba yake nyuma ameshika plau. Maji ya jaruba yalifika kwenye vifundo vya miguu. Kila baada ya hatua chache Nyamizi aligeuka kumtazama baba yake. Mzee Mihayo akawasimamisha maksai katikati ya mtaro.

"Unataka kuniuliza kuhusu Mbeya."

"Ndiyo, baba."

"Utarudi. Lakini shangazi yako utamwambia mwenyewe, kwa mdomo wako, chakula chake kilikuwa kinakwenda wapi. Sitamwambia mimi."

"Nitamwambia."

"Sasa sikiliza. Kuacha kitu kibaya kunaweza kukuumiza siku chache, na mtu asiyejua anadhani kile kizuri ndicho kinachomuumiza, anarudi kulekule. Wewe vumilia, mwili utakubali. Hilo moja. Mimi nilikosea, nilikupa dawa bila kupima, na sitarudia. Lakini wewe ulijua, ukanyamaza. Uliponyamaza tulikutibu ugonjwa usio wako, nikabaki hatua moja tu kuwanyima wadogo zako maziwa. Mtu anayekuuguza hana macho ya kuona ndani yako. Anategemea mdomo wako useme kweli, hata kama kweli yenyewe inakuaibisha."

Nyamizi akaitikia kwa kichwa. Mara hii alisimama palepale, hakucheza na miguu.

"Haya," akasema baba yake, "shika kamba. Jaruba bado kubwa."