Chupa Tatu za Tabibu Savithri

Kabati lilikuwa wazi, na chupa tatu hazimo.

Inspekta Bhaskaran alikagua kitasa, kisha akamgeukia Tabibu Savithri. "Zilikuwa na nini?"

"Dawa ya mizizi ya baba mkwe wangu, afande. Ile chungu inayojulikana mji mzima. Nimeihangaikia mwaka mzima, nikatia sukari guru na iliki, mpaka kila chupa ikawa sawa na mwenzake. Leo zinakwenda maabara ya serikali. Zisipofika, kibali sipati."

"Nani haipendi?"

Savithri alitazama barazani. Baba mkwe wake, Mzee Achuthan, alikuwa amekaa na msuli wake mweupe, ametulia kupita kiasi.

"Mzee, ulizigusa?" Inspekta aliuliza.

"Peremende zile? Dawa isiyomliza mgonjwa si dawa."

"Uliingia chumba cha dawa?"

"Chumba nimekijenga mimi, mwanangu. Niombe ruhusa kwa nani?"

Inspekta akarudi kwa Savithri. "Inatibu nini?"

"Kufunga choo. Kijiko kimoja tu."

Hakuchukua alama za vidole. Alivuta kiti, akakiweka mbele ya mlango wa choo, akaomba chai.

Chai haijafika, mzee akaja mbio, msuli kaushika kwa mikono miwili.

"Ondoka hapo."

"Maelezo kwanza."

"Utaniaibisha mbele ya mkamwana."

"Nani alichukua?"

"Mimi. Nilionja nitafute kasoro. Sikuiona. Nikaonja tena nihakikishe." Jasho lilimtiririka. "Miaka yote watu wanameza wakilia, nawaambia uchungu ndio unaoponya. Kumbe sikujua kupika. Ningemwambiaje huyu binti? Haya, nipishe."

Akapishwa. Savithri alicheka mpaka akashika ukuta.

"Ulikunywa ngapi, mzee?" Inspekta aliuliza mlangoni.

"Mbili. Ya tatu niliiacha kabatini."

Savithri akaacha kucheka. Ammini, bintiye wa miaka minne, hakuwa ameonekana tangu chai ya asubuhi.

Walimkuta chini ya kitanda, kakumbatia chupa, anatafuna kizibo. Lakiri ilikuwa na alama za meno, lakini haijakatika.

"Babu alilamba mpaka vidole," mtoto alisema. "Na mimi nataka."

Inspekta akapumua. "Basi moja imepona, tabibu. Iwahishe maabara."

Savithri aliishika kama kitu cha moto. "Ile chungu ilikaa dirishani miaka yote, afande, na hakuna mtoto aliyeisogelea. Uchungu ndio uliokuwa kufuli. Nimeling'oa mwenyewe."

Chupa haikwenda maabara siku hiyo. Aliitwa seremala kwanza atie kufuli kabatini, na ufunguo Savithri akauvaa shingoni. Mzee, huko chooni, aliomba uji wa chumvi.

Mama mwenzangu, kama dawa ya nyumbani kwako ni tamu, acha kusoma, inuka ukaangalie iko wapi.